Si Turbo, ni Supachaja

Siku Mwalimu Debra Wamucii alipomshinda dereva wa Subaru kwenye taa za Ngong Road, hakujua kwamba palikuwa na mashindano. Alikuwa akielekea mjini kuchukua vitambaa vya sare za kwaya. Redio alikuwa ameizima, mikono yote miwili iko kwenye usukani, na dua yake ilikuwa moja tu: gari lisimzimikie mbele ya watu.

Gari lenyewe lilikuwa la kaka yake Mbugua, aliyehamia Kanada kwa bintiye na kumwachia funguo pamoja na maneno haya: "Litumie tu, dada, lisije likaozea hapa." Lilikuwa gari la Kijerumani, la rangi ya fedha, zuri la kutazamwa, na chini ya boneti lilikuwa na supachaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini ili injini ndogo ipumue kama injini kubwa. Mbugua hakusema kwamba gari linaumwa. Pengine hakujua. Mbugua alikuwa mtu wa kupandisha sauti ya redio.

Ugonjwa ulikuwa huu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, gari lilikuwa na adabu zote. Likishapata joto, kila liliposimama lilianza vituko: mngurumo unapanda, vuuuum, kisha unashuka mpaka kiti kinatetemeka na taa za dashibodi zinapepesa, kisha unapanda tena, vuuuum, na hakuna mguu wa mtu uliogusa akseleta. Kuondoka nako kulikuwa kazi. Ukikanyaga kidogo, halisikii. Ukiongeza, halisikii. Ukikanyaga mpaka chini kwa hasira, linakumbuka yote uliyoliambia tangu mwanzo na kuyatii kwa mpigo mmoja.

Basi pale kwenye taa, Subaru ya buluu iliyoshushwa mpaka karibu ilambe lami ilikuja ikasimama ubavuni mwake. Gari la Mwalimu likafanya vuuuum. Subaru ikajibu, vrrraaa. Vuuuum, likasema la Mwalimu. Vrrraaa, ikasema Subaru. Mwalimu Debra akageuka, akaona kofia iliyovutwa hadi kwenye nyusi, na akamhurumia kijana yule kwa moyo wote. Maskini, na lako pia linaumwa! Akamtikisia kichwa polepole, kama watu wanavyotikisiana kwenye foleni ya hospitali.

Kijana naye akatikisa kichwa, amekubali.

Taa zikawa za kijani. Subaru ikachomoka. Mwalimu akakanyaga: kimya. Akaongeza: kimya. Nyuma yake mtu akapiga honi, na Mwalimu Debra, ambaye tangu ujana wake hapendi kupigiwa honi, akakanyaga mpaka chini. Gari likaruka. Kofia yake ya ibada iliruka pia, ikaangukia dirisha la nyuma. Kitu cha buluu kilipita upande wa kushoto kama nguzo ya stima, na alipopata pumzi ya kutazama kioo, Subaru ilikuwa mbali, ndogo, imesimama kando ya barabara kama mtu aliyepokea habari mbaya.

Nyuma ya magari yale mawili alikuwako mwendeshaji wa bodaboda mwenye simu nzuri, naye alikuwa amerekodi yote.

*

Kisa hiki kingekuwa cha kucheka tu kama Mwalimu Debra angekuwa mtu mwingine. Lakini yeye ndiye aliyekuwa katibu wa chama cha wakazi wa Woodley, na kwa muda mrefu amekuwa akipigana na watu waliofanya Ngong Road kiwanja cha mashindano. Ni yeye aliyewahi kusimama mbele ya mkuu wa polisi na kumwambia, "Hatuombi kimya cha makaburini, afande. Tunaomba kimya cha watu wanaolala." Maneno hayo yalipigiwa makofi mpaka na polisi wenyewe.

Ndiyo maana mwenyekiti wa chama, Haron Wachira, alipomjia langoni, alimjia kama mtu anayemletea daktari mgonjwa. Haron alikuwa mpole, mstaafu wa benki, wa kuvaa tai hata akienda kununua maziwa.

"Mwalimu, umeona hii?" Akamnyooshea simu.

Mwalimu Debra alitazama gari la fedha likitetemeka, kisha likiruka. Namba ya gari haikusomeka kwa vumbi, lakini kofia yake aliitambua, ikiwa imejibandika kwenye kioo cha nyuma kama kuku aliyegonga dirisha.

"Hii ni wapi?" akauliza.

"Hapa hapa kwetu. Mchana kweupe! Na wanasema ni mwanamke mzima. Vijana wamempa jina, Shosh Turbo, yaani Nyanya Turbo."

"Si turbo," Mwalimu Debra alisema kabla hajajizuia. "Ni supachaja. Turbo huzungushwa na moshi wa injini. Supachaja huzungushwa na mkanda."

Haron alimtazama. "Umejuaje?"

"Mlio," alisema Mwalimu, na akahisi masikio yake yakipata moto.

"Unaona sasa? Ndiyo maana tunakuhitaji wewe." Haron alirudisha simu mfukoni. "Jumamosi vyama vyote vya wakazi wa upande huu vinakutana Kitisuru, nyumbani kwa Komal. Ajenda ni hili gari. Nimewaambia Woodley itazungumza kupitia wewe. Huyo mama lazima apatikane."

Mwalimu Debra aliagana naye, akaingia ndani, akafunga mlango wa karakana kwa kufuli. Kisha akarudi akaufunika pia kwa shuka.

*

Fundi wa kwanza alikuwa Kitavi wa Kabiria. Gereji yake ilikuwa uwanja uliozungushiwa mabati, na sifa yake kubwa ni kwamba hakuwahi kusema "sijui". Alijua ugonjwa wa gari kabla ya kufungua boneti, nyakati nyingine kabla gari halijafika.

"Hii gari iko na shida ya plagi, madam," Kitavi alisema, Mwalimu akiwa bado anafungua mkanda wa kiti.

"Gari hili lina shida," Mwalimu akamsahihisha.

"Ndio, iko nayo. Kubwa sana."

Zikawekwa plagi mpya. Gari likafanya vuuuum. Basi ni koili zinazozipelekea plagi umeme, Kitavi akasema, na koili zikabadilishwa. Vuuuum. Kitavi akazunguka gari mara kadhaa, mikono kiunoni, akatangaza kwamba kumbe ni uchafu. Akafungua kile kilango cha kuingizia hewa kwenye injini, ambacho mafundi hukiita throto, akakisugua kwa dawa na mswaki mpaka kikang'aa kama kijiko cha harusini. Akakirudisha. Akawasha.

Gari halikupanda na kushuka tena. Lilipanda tu. Lilinguruma juu, likabaki hukohuko juu, na kila baada ya muda kidogo likajiongezea.

"Umeona?" Kitavi alisema kwa kuridhika. "Ilikuwa imelala. Saa hii imeamka."

Mwalimu Debra hakuwa na hakika kama alitaka liamke kiasi hicho. Kutoka Kabiria mpaka Kawangware hakukanyaga akseleta hata mara moja. Gari lilijipeleka, na yeye alilishikilia kwa breki kama mtu aliyefungwa kwa ng'ombe mwenye haraka. Aliona afadhali apitie kanisani apumzike. Akaingia uani, na pale uani mchungaji alikuwa akiwaombea akina mama waliokuwa wakienda kutembelea wagonjwa.

"Bwana, uwape utulivu," mchungaji alisema.

Vuuuum.

"Utulivu, Bwana!" mchungaji akapandisha sauti.

Vuuuum, vuuuum. Ufunguo ulikuwa umekwama, na Mwalimu Debra aliusokota kwa mikono miwili huku akisema amina kwa wakati usiofaa. Mchungaji hakuwa mtu wa kushindwa na injini. Alipaza sauti, gari likapaza, akina mama nao wakaitika kwa nguvu wasimwache mtumishi wa Mungu peke yake, na hadi ufunguo ulipokubali kuzunguka, watu wa ng'ambo ya barabara walikuwa wamesimama kutazama uamsho.

"Ombi limefika," mchungaji alisema, akijifuta jasho, na akamtazama Mwalimu Debra kwa jicho ambalo alilikumbuka wiki nzima.

*

Ijumaa alisimama kwenye kituo cha mafuta Naivasha Road, akiwa amelizima gari kabisa kwa tahadhari, ndipo Subaru ya buluu ikaingia nyuma yake na kuziba njia. Mwalimu Debra alishika mkoba wake kwa nguvu. Mlango ukafunguliwa, na aliyetoka hakuwa kijana wa kiume. Alikuwa msichana mwembamba, kofia ileile, na koti jeupe la kazi likining'inia begani.

"Shosh!" alisema kwa furaha. "Nimekutafuta wiki yote!"

"Mimi si shosh wako."

"Pole, mathee. Ni heshima tu. Naitwa Shiku." Akainama kidogo kusalimia kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa vizuri. "Sitaki fujo. Nataka tu kuuliza. Hiyo supachaja uliweka puli ya saizi gani? Kwa sababu vile ulinipita sijawahi ona."

Mwalimu Debra alikuwa ameandaa karipio zima, lenye mwanzo na kiini. Likayeyuka lote. "Umesema supachaja," alisema.

"Si ndio iko? Hiyo mlio mtu hawezi changanya na turbo."

"Mlio huo."

"Eh, huo."

Baada ya hapo ilikuwa rahisi kusema ukweli. Mwalimu alimweleza kwamba hakubadilisha puli yoyote, kwamba hata hajui kuwa puli ni gurudumu la mkanda, kwamba hakuwa akishindana na mtu, na kwamba kule kumtikisia kichwa kulikuwa kumpa pole. Shiku alisikiliza, mdomo wazi. Kisha akakaa chini kwenye ukingo wa saruji na kucheka mpaka mhudumu wa mafuta akaja kuuliza kama kuna tatizo.

"Nilishindwa na gari mgonjwa," alisema alipoweza. "Na madereva wenzangu wamenicheka vile! Na mimi ni mpima macho, mathee. Nakaa mjini siku mzima nikiambia watu wanasoma herufi vibaya, na mimi mwenyewe sikuona ni mama ya kanisa amevaa kofia."

"Washa," akasema baadaye, amejifuta machozi. Mwalimu akawasha. Shiku akainamisha sikio juu ya boneti, akasikiliza. "Hii inavuta hewa mahali haifai. Mimi najua kuendesha tu, lakini najua nani anaweza. Twende kwa Nasim."

*

Gereji ya Nasim ilikuwa kwenye kichochoro cha Kirinyaga Road, pale katikati ya jiji ambapo ukiangusha kitu mtu atakuuzia kipuri chake. Nasim alikuwa mama wa makamo, shungi lake limefungwa nyuma lisiingie kwenye mikanda ya injini, na hakutaka kusikia habari za plagi wala koili.

"Usiniambie ulichoambiwa, Mwalimu," alisema. "Niambie ulichosikia."

Hilo Mwalimu Debra aliliweza. Alisimama wima na kusimulia. Injini ikiwa baridi, hakuna tatizo. Ikipata joto, kwanza huja mluzi mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka, tena upande wa nyuma, si wa mbele. Baada ya mluzi ndipo mngurumo hupanda. Mngurumo ukishuka, mluzi hukatika kwanza. Gari likiondoka, kuna kusita, kisha kitu hufunguka, tena kwa mlio, tak, na hapo ndipo huruka. Na tangu Kitavi asafishe kile kilango, halishuki tena kabisa.

Nasim alikuwa ameacha kujifuta mikono. "Miaka yote hii," alisema, "watu wananiletea magari na kuniambia inafanya vuu. Wewe umenipunguzia nusu ya kazi. Shiku, leta mashine ya moshi."

Mashine hiyo ilikuwa kitu cha ukubwa wa ndoo, chenye bomba. Kazi yake, Nasim alieleza, ni kupuliza moshi mwepesi ndani ya njia ya hewa ya injini iliyozimwa. Kama njia hiyo ina tundu, moshi utatokea hapo na kujisema. Bomba likachomekwa. Wote watatu wakainama chini ya boneti kusubiri, Mwalimu Debra mbele kabisa, maana alitaka kuona upande wa nyuma, ule wa mluzi.

Moshi ukaanza kutoka. Kwanza uzi mmoja, halafu nyuzi tatu, halafu wingu zito la kutosha, likapanda taratibu likizunguka kofia ya ibada.

Mkabala na gereji lilikuwako duka la vipuri la mzee Indravadan, ambaye alikuwa mwangalifu kuhusu moto kupita watu wote wa mtaa ule. Aliinua macho kutoka kwenye kaunta, akaona mama mzima akifuka moshi kichwani, na hakuuliza swali. Alivuka kichochoro na karai la maji, na kwa shabaha ambayo hakuna aliyemdhania kuwa nayo, akammwagia Mwalimu Debra lote.

"Usiogope, mama!" alipiga kelele. "Nimeshazima!"

Maji yalitiririka kutoka ukingo wa kofia, yakapitia miwani, yakaingia kwenye kola.

"Bwana Indravadan," Nasim alisema taratibu, "hiyo ni mashine ya moshi."

"Moshi ni moshi!"

"Hakukuwa na moto."

"Sasa hautakuwako," alisema mzee, bado akihema, na akaenda kuleta taulo.

Mwalimu Debra alivua miwani, akaikung'uta. Angeweza kukasirika, na alikuwa na haki zote. Lakini akiwa bado ameinama vile, bila miwani, uso karibu na injini, aliona jambo. "Pale," alisema, akionyesha kwa kidole kilichokuwa kikidondoka maji. "Chini ya ile nyeusi. Unatokea pale."

Nasim alipeleka mkono nyuma ya injini mahali ambapo hakuna jicho lingefika, akahangaika, akatoa kona ya bomba la mpira. Juu ilikuwa nzima kabisa. Alipoipindua, upande wa chini ulikuwa umepasuka kama midomo ya mtu kwenye baridi ya Julai.

"Huyu hapa mwizi wako," alisema. "Kompyuta ya gari hupima hewa pale inapoingilia mbele, ndipo ikatoa mafuta ya kulingana nayo. Hili bomba limepasuka baada ya kipimo. Gari likisimama, injini inavuta hewa ya ziada hapa, ambayo haikuhesabiwa. Kompyuta inashtuka, inaongeza mafuta, mngurumo unapanda. Inaona imezidisha, inapunguza, gari linataka kufa. Inaongeza tena. Na ukikanyaga, supachaja inasukuma hewa kwa nguvu, na badala ya kuingia yote kwenye injini, nyingine inatoroka hapa hapa."

"Na ule mlio wa tak?"

Nasim akafungua sehemu nyingine, kilango kidogo ubavuni mwa supachaja, cha kupitishia hewa kando pale nguvu isipohitajika. Kilikuwa kimeganda kwa oili nzito. Kilikataa kusogea mpaka alipokisukuma sana, kisha kikaachia ghafla: tak.

"Huyu ndiye anayekurusha," alisema.

"Basi Kitavi alikosea yote?" Shiku aliuliza.

"Hapana. Throto ilikuwa chafu kweli. Tatizo ni kwamba kompyuta ilikuwa imezoea uchafu ule. Ukiisafisha lazima uifundishe upya mahali pa kufungia, la sivyo inaacha wazi sana."

Bomba jipya lilitoka dukani kwa mzee Indravadan, ambaye alikataa katakata kusikia habari za malipo na pia akaleta chai. Kilango cha supachaja kilisafishwa mpaka kikacheza kwa pumzi ya mdomo. Mwisho, Nasim akaunganisha kompyuta yake ndogo na ya gari, akamketisha Mwalimu kwenye usukani. "Sasa itajifunza. Ufunguo ubaki umewashwa, usiguse kitu, usikanyage chochote, mpaka nikuambie."

"Ni mtihani," alisema Mwalimu Debra, na uso wake ukabadilika. Aliketi wima, mikono mapajani, akilisimamia gari lile kwa macho makali. Mzee Indravadan alipokaribia dirisha kuuliza kama sukari inatosha, alimnyamazisha kwa kidole. "Kuna mtihani unaendelea."

Mzee akanyata kurudi dukani kwake kwa ncha za viatu.

Kisha Nasim akasema, "Washa." Mwalimu akazungusha ufunguo, akangoja. Aliliacha lipate joto la kutosha, Shiku akitazama saa ya joto, na bado hakuna kilichopanda wala kushuka. Mshale wa mizunguko ya injini ulikuwa umetulia mahali pamoja kama umechorwa.

"Limezimika?" Mwalimu aliuliza kwa hofu.

"Weka mkono hapa," Nasim alisema. Mwalimu akaweka kiganja juu ya boneti, akahisi mtetemo mdogo sana, kama paka anayeota. Alibaki hapo muda kidogo. Hakuna aliyemharakisha.

"Jambo moja," Nasim alimwambia wakati wa kuagana. "Mguu wako umezoea gari mgonjwa. Hewa yote sasa inaingia. Kanyaga polepole, Mwalimu."

"Nimeelewa," alisema Mwalimu Debra, na kichwa chake kilikuwa kimeelewa kweli.

*

Jumamosi mchana Haron alikuja langoni na tai yake bora, tayari kwa safari ya Kitisuru. Mwalimu Debra alikuwa amelala akiwaza, na alikuwa ameamua. Alifungua karakana, akaondoa shuka, akasukuma mlango. Gari la fedha likaonekana.

Haron alilitazama. Akamtazama Mwalimu. Akalitazama gari.

"Ndiyo," alisema Mwalimu Debra. "Ni mimi. Lilikuwa linaumwa, nami sikuweza kulizuia. Ningekuambia siku ile, lakini niliona aibu. Ingia, nitakueleza njiani, na huko nitawaeleza wote."

Haron aliingia polepole, akaketi nyuma, kwa heshima au kwa tahadhari haikujulikana. "Mwalimu, mimi nadhani unajisingizia," alisema. "Gari lenyewe hata halijawaka."

"Limewaka tangu ulipofungua mlango."

Haron akasikiliza. Alisikia njiwa kwenye paa. Alisikia jirani akikuna nazi. Uso wake ukalainika, na mpaka Westlands alikuwa ameshamsamehe, ameshamtetea, na ameanza kupanga jinsi ya kuuambia mkutano kwamba vijana hawa huzusha mambo. Msongamano ulikuwa mkubwa, mwendo wa konokono, na katika mwendo huo hapakuwa na dereva mtulivu Nairobi nzima kama Mwalimu Debra.

Kisha barabara ikafunguka. Wakateremka bondeni chini ya miti mikubwa ya Kitisuru, wakavuka mto, na mbele yao ukasimama mwinuko mkali. Mwalimu aliona mlima, na mguu wake ukakumbuka. Kichwa hakikushirikishwa. Mguu ulikumbuka wiki nzima ya kusita na kubembeleza, ukakanyaga mpaka chini kama ulivyozoea.

Safari hii hakuna kilichosita.

Kilima kile kilikwisha kabla Haron hajamaliza kutamka jina la Mwokozi. Nyua za watu zilipita zikiwa rangi tupu. Askari wa lango moja alipiga saluti, pengine akidhani ni msafara wa serikali. Walipofika juu na Mwalimu akapata breki, tai ya Haron ilikuwa imemzunguka na kulala mgongoni, na mikono yake ilikuwa imekumbatia kiti cha mbele.

"Pole sana," Mwalimu alisema, akihema. "Ni mguu."

Haron aliachia kiti, kidole kimoja kimoja.

Nyumbani kwa Komal viti vilikuwa vimepangwa bustanini. Komal, mwenyekiti wa wakazi wa Kitisuru, alikuwa wakili mwenye sauti ya kusikika bila kipaza sauti. Alikuwa ametundika skrini ukutani, na hakupoteza muda. Video ikachezwa. Gari likatetemeka, likaruka, watu wakaguna.

"Mtu wa namna hii," alisema Komal, "hafai hata kupewa toroli."

Mwalimu Debra akasimama. "Gari hilo ni langu, na anayeliendesha hapo ni mimi."

Bustani nzima ikacheka kwa upendo. Mzee mmoja wa mbele akapiga makofi, akidhani hotuba imeanza kwa mzaha. Mwalimu alirudia. Wakacheka zaidi. Alieleza bomba lililopasuka, akaeleza mluzi na tak, akaomba radhi kwa kelele, na bado Komal alikuwa akitabasamu kama anayesubiri sehemu ya pili.

"Mwalimu wetu," Komal alisema, "tunakufahamu. Hakuna mtu hapa atakayeamini hivyo."

"Mimi naamini," ikasema sauti kutoka nyuma.

Wote wakageuka. Haron alikuwa amesimama kwenye nguzo ya veranda, glasi ya maji mkononi, tai bado iko mgongoni. Kicheko kikaisha kidogo kidogo, kama mvua inavyokatika.

Kilichofuata Mwalimu Debra hakukitazamia. Alikuwa amejiandaa kujiuzulu, na hata maneno alikuwa nayo. Badala yake Komal alizima skrini, akasogea, akauliza kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua anayo, "Hiyo tak. Inakuja kabla ya gari kuruka, au baada?"

"Kabla."

"Ya mume wangu inafanya hivyo hivyo. Tumeficha kwa miezi." Akaangalia huku na huku. "Huyo Nasim yuko wapi hasa?"

Mtu mwingine akasema lake linatetemeka tu asubuhi. Mwingine akasema lake linavuma peke yake langoni na mbwa wa jirani wamehama. Mkutano wa kupinga kelele ukageuka kliniki, na Mwalimu Debra akawa anamhoji kila mmoja alisikia nini kwanza, na kumrekebisha. "Usiseme inafanya vuu. Vuu ya namna gani?" Mwishowe walikubaliana kwamba wanaoshindana makusudi wataendelea kushtakiwa, na wagonjwa wapelekwe kwanza kwa fundi. Azimio likapita bila pingamizi, na Mwalimu akabaki katibu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kuliandika.

Jua lilikuwa limeanza kulegea walipoagana. Majirani wawili wa Woodley walimvuta Haron pembeni, wakamwambia gari lao lina nafasi, na hakuna haja ya kujihatarisha katika umri wake. Haron aliwashukuru sana. Aliweka tai yake sawa. Kisha akatembea mpaka kwenye gari la fedha, akafungua mlango wa mbele, akaketi, akafunga mkanda na kuuvuta mara mbili kuhakikisha.

"Mwalimu," alisema, akitazama mbele, "kuna haja gani ya kupitia njia nyingine? Turudi kwa kile kilima."

"Kurudi ni mteremko, Haron."

"Najua." Akashika mpini wa mlango. "Halafu tutageuza."